Fundi wa Saa katika Mji wa Vumbi

Fundi hakuwa na haraka ya kuifungua. Alitoa kwenye droo dira ndogo ya plastiki, kama zile za watoto wa skauti, akaiweka mezani mpaka sindano ikatulia, kisha akaisogeza saa ya babu yangu karibu nayo. Sindano ikaacha kaskazini, ikaifuata saa. Akaiondoa saa, sindano ikarudi. Akaisogeza tena, ikafuata tena. Ndipo akavua lenzi jichoni akanitazama.

"Mzee alikuwa anailaza wapi usiku?"

"Juu ya redio."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayeambiwa na mgonjwa jambo ambalo ameshaliona. Spika ya redio ina sumaku nyuma yake. Usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi, sumaku ile ilikuwa ikiingia kwenye chuma cha saa, na mahali inapodhuru zaidi ni kwenye kamani ndogo, nyembamba kama unywele, ile inayolifanya gurudumu la balansi liende na kurudi. Mizunguko ya kamani hiyo ikishikwa na sumaku hunatana, kamani inakuwa kama imefupishwa, na saa inaanza kukimbia. Papo hapo nikakumbuka kwamba miaka ya mwisho kabla saa haijasimama, Guka alikuwa akiirudisha nyuma dakika kadhaa kila asubuhi, akisema imezeeka. Kumbe ilikuwa redio.

Tulimwita Guka, kama Wakikuyu wengi wa Nakuru wanavyowaita babu zao. Alizaliwa 1938, akaingia kazi ya reli mwaka 1961, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa gadi wa treni za mizigo. Gadi alikaa kwenye behewa la mwisho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba treni iliyofika ni ile ile iliyoondoka, nzima, bila behewa lililokatika njiani, na kuandika kwenye daftari saa ya kufika na saa ya kuondoka katika kila stesheni. Nakuru ndipo reli inapogawanyika. Tawi moja linapanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo kwenda Kisumu. Jingine linapitia Rongai na kupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kuteremka Eldoret na kwenda zake Malaba na Uganda. Njia ya chuma ni moja. Treni zinazoelekeana hupishana stesheni, moja ikisubiri nyingine ipite. Katika kazi kama hiyo saa ya mkononi si pambo.

Aliinunua mapema 1979 kwenye duka la Mhindi mjini, kwa pesa ambazo Cucu, mke wake, anasema zilizidi mshahara wa mwezi mmoja, na kwamba hawakuzungumza vizuri kwa wiki nzima. Ni Seiko 5, ya chuma, otomatiki: haina haja ya kutiwa ufunguo, inajijaza yenyewe mkono unapotembea. Uso wake ulikuwa na rangi ya fedha, sasa umeelekea rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kifungo cha kuzungushia kimefichwa kwenye saa nne badala ya saa tatu, ili kisiuchome mkono. Dirisha dogo linaonyesha siku na tarehe, na ukizungusha siku unapata Kiingereza, kisha Kiarabu, kisha Kiingereza tena.

Juu ya uso huo ndipo nilipojifunzia kusoma saa. Daftari la reli liliandikwa kwa saa ishirini na nne, kwa hiyo treni iliyofika Molo 15.40 iliandikwa hivyo. Lakini nyumbani Elburgon, Guka akiulizwa ilifika lini, alisema saa tisa na dakika arobaini. Alinionyesha siri yake: tazama mshale mfupi, kisha soma namba iliyo ng'ambo ya pili ya uso. Mshale ukiwa kwenye tisa ya Wazungu, ng'ambo yake pana tatu, basi ni saa tatu yetu. Nilikuwa na miaka sita au saba. Mpaka leo nikiangalia saa yoyote yenye mishale, jicho linavuka ng'ambo kwanza.

Ilisimama 2009. Guka hakuivua. Aliendelea kuivaa kanisani, matangani na kwenye mikutano ya wazee ikiwa imesimama kwenye saa nne na dakika kumi na nane, na mtu akimuuliza saa alitazama jua. Alipofariki Aprili 2023 hapakuwa na mjadala mrefu kuhusu nani aichukue. Mimi ndiye mwenye jina lake. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na Cucu bado huniita mume wake mbele za watu. Alinikabidhi saa ikiwa ndani ya soksi.

Mjadala ulikuja baadaye, juu ya nifanye nini nayo. Baba mdogo alikuwa na mtu wa kuinunua kwa shilingi elfu tatu. Shangazi alitaka niiweke kwenye fremu ya kioo pamoja na picha ya Guka na kitambulisho chake cha kazi. Binamu yangu alijua mtu Nairobi anayepaka nyuso za saa rangi upya mpaka ukadhani zimetoka kiwandani jana. Mimi nilitaka itembee, basi. Duka la kwanza nililoenda, kijana wa pale aliipima kwa macho akanishauri watoe mashine yake yote watie ya betri. Nje itabaki ile ile, alisema, na haitanisumbua tena. Nilikuwa karibu kukubali. Niliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa akingoja kubadilishiwa mkanda. Alinivuta pembeni akanielekeza kwa fundi.

Fundi ana kibanda chini ya baraza la jengo la zamani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Upana wake ni kama wa milango miwili. Ndani kuna meza, taa yenye shingo ndefu, kabati la droo ndogo ndogo, na stuli ya mteja. Ana umri wa zaidi ya miaka sitini, kucha zimekatwa mpaka nyamani, na mikono yake ina tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: haigusi kitu mara mbili. Kikishikwa kimeshikwa. Kikiwekwa kimewekwa.

Adui yake ni vumbi. Wengi husema jina Nakuru limetoka kwenye Kimaasai, maana yake mahali penye vumbi, na aliyekaa hapa mwezi wa pili upepo ukivuma hahitaji ushahidi zaidi. Fundi anakumbuka miaka ya tisini Ziwa Nakuru lilipokauka, upepo ukawa unabeba magadi meupe kutoka chini ya ziwa mpaka mjini, na saa walizomletea wakati ule zilikuwa na unga mweupe ukifungua kifuniko. Punje moja ya vumbi ikikaa kati ya meno mawili ya gurudumu, saa inasimama. Kwa hiyo hunyunyizia sakafu maji asubuhi na mchana, ameweka kitambaa kibichi kwenye kizingiti, na kila kipande anachokitoa ndani ya saa hukifunika kwa bilauri iliyopinduliwa. Meza yake ikiwa katikati ya kazi inaonekana kama karamu iliyokwisha, bilauri kumi au kumi na mbili zimelala kifudifudi, na chini ya kila moja kuna kitu kidogo kuliko chembe ya mchele. Siku upepo ukizidi, hafungui saa kabisa. Siku yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Alinipimia saa kwa dira, akaniuliza kuhusu redio, akaniambia nirudi kesho asubuhi kabla upepo haujaamka.

Nilirudi, nikamwomba niketi nione. "Kaa," akasema, "lakini usipumue juu ya meza."

Kifuniko cha nyuma kilitoka kwa shida kidogo. Kwa nje kina namba ya kiwandani yenye tarakimu sita, na fundi alinifundisha kuisoma: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ya Guka inaanza na 8 na 7. Julai, mwaka unaoishia na nane. Na kwa kuwa tuna picha yake ya 1981 akiwa stesheni na saa mkononi, basi ni Julai 1978. Kisha akakigeuza kifuniko, akakiinamisha kwenye taa, akanipa lenzi yake.

Ndani ya kifuniko, upande ambao mwenye saa haoni kamwe, palikuwa na mikwaruzo minne iliyochorwa kwa ncha ya sindano. Nilidhani ni mikwaruzo tu. Lenzi ilipokaa sawa nikaona ni maandishi. 3/82. 11/86. 6/90. 1/95. Pembeni ya mbili za kwanza palikuwa na herufi moja iliyopinda, na pembeni ya mbili za mwisho alama kama ndoano. Fundi akanieleza kwamba ni desturi ya kazi yao popote duniani: ukishaifungua saa na kuisafisha, unaacha tarehe na alama yako ndani, ili fundi atakayekuja baada yako ajue ni lini mafuta yalibadilishwa na nani wa kumuuliza. Mwenye saa haambiwi. Ni barua ya fundi kwa fundi.

"Huyu wa kwanza na huyu wa pili siwajui," alisema. "Lakini mzee wako alikuwa mtu wa kutunza. Kila miaka minne, mitano, anaileta. Halafu tisini na tano, basi."

Nilikaa kimya kwa muda. Guka alistaafu 1993. Mwaka 1995 baba alikuwa ameshaoa, lakini wadogo zake watatu walikuwa shuleni kwa pamoja, wawili sekondari ya bweni na shangazi chuo cha ualimu. Hakuna aliyewahi kutusimulia kwamba kulikuwa na kitu Guka alikiacha ili karo itoke. Hakuna aliyejua. Iliandikwa mahali pamoja tu, ndani ya kifuniko cha chuma kilichogusa mkono wake kila siku.

Baada ya hapo kazi ilianza. Chini ya kifuniko kuna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Hicho ndicho kinachozunguka mkono ukitembea na kuijaza kamani kubwa. Juu yake imechorwa 7009A, jina la mashine. Fundi alifungua skrubu moja akakiweka kando. Akaichomoa mishale kwa vijiko viwili vidogo, akiwa ametandika kipande cha karatasi ya nailoni ili uso usikwaruzwe, akautoa uso, akaufunika kwa bilauri ya kwanza. Akaachia nguvu iliyobaki kwenye kamani kubwa pole pole, kwa kuwa kamani iliyojaa ikiachiwa ghafla huvunja meno. Halafu akaiendea balansi, maana ndiyo inayoumia upesi kuliko vyote. Aliinyanyua pamoja na daraja lake, na lile gurudumu likaning'inia kwenye kamani yake likicheza hewani kama buibui kwenye uzi. Hakulipumzisha popote kabla hajaona limetulia.

Magurudumu mengine yalifuata. Mafuta ya 1995 yalikuwa yamegeuka gundi ya rangi ya kahawia, na baadhi ya ncha za ekseli zilikuwa zimeshikwa humo kama nzi kwenye asali. Hicho ndicho kilichoisimamisha saa ya Guka. Hakuna kilichovunjika. Alivisafisha vipande kwa petroli safi ndani ya kikombe kidogo, akavisugua kwa brashi laini, akavikausha kwa kipulizio cha mpira. Akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akakichonga ncha kwa wembe, akakiingiza katika kila tundu na kukizungusha. Kikatoka kimechafuka. Akakichonga upya, akakirudisha. Tundu moja alilirudia mara tano mpaka kijiti kikatoka cheupe.

Matundu hayo yametobolewa kwenye vito, 17 kwa jumla, na idadi hiyo imeandikwa usoni pa saa. Watu wengi wakisikia vito hufikiri kuna mali ndani. Ni rubi zinazotengenezwa kwa moto, teknolojia iliyoanza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na bei yake ni ndogo. Thamani yake ni ugumu: chuma kikizunguka ndani ya chuma kinalika, lakini kikizunguka ndani ya rubi hakiliki kwa urahisi. Balansi ya saa hii hupiga mara sita kwa sekunde, ambayo ni mara 21,600 kwa saa na mara 518,400 kwa siku. Kwa miaka thelathini aliyoivaa Guka ikitembea, ni zaidi ya mapigo bilioni tano, na fundi alipozitazama ncha za ekseli kwa lenzi akasema bado ni za mviringo, bado zinang'aa.

Kuhusu sumaku, alikuwa na koili ya umeme iliyofungwa kwenye kiboksi cha mbao. Akaipitisha balansi katikati yake, akaitoa taratibu huku mkono ukienda mbali, kisha akairudisha kwenye dira. Sindano haikutikisika. Jambo la miaka thelathini liliisha kwa muda wa kunywa funda moja la chai.

Kuunganisha ndiko kulikonifanya niandike haya. Katika mashine nyingi za saa, kamani kubwa ina daraja lake na magurudumu yana lao. Katika hii, daraja ni moja linalofunika vyote. Maana yake ni kwamba magurudumu yote yanasimamishwa wima kwanza, kila moja likiegemea ncha yake ya chini, kisha daraja linashushwa juu yao na kila ncha ya juu inapaswa kuingia kwenye tundu lake, zote kwa pamoja. Ncha hizo ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Ukilazimisha, inavunjika, na gurudumu la mashine ya 1978 hulipati dukani Nakuru.

Fundi alilishusha daraja akaliacha lilale tu, bila kulikandamiza. Akaweka kidole kimoja juu yake, uzito wa kidole chenyewe basi. Kwa mkono mwingine akashika kibano, akagusa gurudumu la kwanza kwa pembeni. Halikuingia. Akaligusa tena. Akasubiri. Nje matatu za Njoro zilikuwa zikiita abiria, mtu akauza karanga, mwingine akaja kuuliza bei ya betri, na fundi akamwinulia kidole kimoja bila kugeuka. Gurudumu la kwanza likaingia. Nililiona daraja likishuka unywele mmoja upande wa kushoto. Akahamia la pili. Hilo lilikubali upesi, lakini likalitoa la kwanza. Akaanza upya. Hakushusha pumzi wala hakubadilisha uso. Nilihesabu dakika kumi na moja kwenye simu yangu, na katika dakika hizo hakutumia nguvu hata mara moja. Kisha daraja likakaa, bila sauti, na alijua kabla yangu kwa sababu kidole chake kilikuwa pale. Akasukuma gurudumu kubwa kidogo kwa kibano, na yote yakazunguka, la mwisho likienda mbio kisha likirudi nyuma kidogo lilipofika mwisho. Kule kurudi nyuma, akaniambia, ndiko kunakoonyesha kwamba hakuna kinachokwamisha.

Mafuta aliyatia kwa sindano iliyobanwa ncha, tone dogo mno kiasi kwamba mimi sikuliona bila lenzi. Yakizidi, alisema, hutambaa yakaondoka mahali pake, na tundu hubaki kavu huku uso ukichafuka. Mafuta mengi huua saa kama ukame. Aina za mafuta ni zaidi ya moja, mazito kwa kamani kubwa inayokwenda polepole, mepesi kwa magurudumu ya mbio. Watu wa reli wa zamani, alinieleza, waliolala kwenye baridi ya Molo na kuamkia joto la Kisumu, saa zao ziliwapa mafundi kazi ngumu, kwa maana mafuta huganda na kulainika kufuatana na hewa.

Mwisho akairudisha balansi. Kabla hajakaza skrubu yake, ilianza. Hakuitikisa, hakuipuliza. Ilianza yenyewe kwa nguvu kidogo zilizokuwa zimeingia kwenye kamani, gurudumu likienda na kurudi mpaka macho yakashindwa kulifuata. Fundi alinyamaza. Akaiinua sikioni, akafumba macho, akanipa na mimi. Nilikuwa sijausikia mlio ule tangu nikiwa kidato cha pili.

Kazi hii fundi aliianza 1976, akiwa kijana wa kufagia katika duka la fundi wa Kihindi ambaye baadaye alihamia Uingereza. Miezi sita ya kwanza hakushika bisibisi. Kazi yake ilikuwa kupitisha sumaku na ufagio sakafuni kila jioni, kutafuta vilivyodondoka, na mwalimu wake aliamini kwamba anayeweza kuiona skrubu ya saa kwenye sakafu ya mbao ataweza kuiona kwenye mashine. Wakati huo mjini kulikuwa na kazi tele. Wenye mashamba, makarani, walimu, madereva na watu wa reli, kila mmoja alikuwa na saa inayotaka mafuta kila baada ya miaka michache.

Lakini kilichokuja kuipunguza kazi hiyo kilikuwa kimeshazaliwa. Siku ya Krismasi ya 1969, kampuni ile ile iliyotengeneza saa ya Guka ilianza kuuza Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayotumia betri na fuwele ya kwatzi. Miaka michache baadaye bei ikaporomoka. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibaki na kama theluthi yao kabla ya miaka ya themanini kwisha. Hapa kwetu pigo la pili likawa simu ya mkononi, ambayo kila mtu anasomea saa. Fundi wangu leo anaishi kwa kubadilisha betri, kukata mikanda na kutengeneza rimoti za televisheni. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, mwenye mkono mwepesi, akahamia kwenye simu. Hamlaumu. Simu inalipa siku hiyo hiyo.

Mimi nalitazama jambo hili hivi. Waliobuni mashine ile waliweka skrubu kila mahali ambapo wangeweza kuweka gundi. Waliacha nafasi ya kibano, waliacha kiwiko kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa ili mtu aweze kuiharakisha au kuichelewesha. Walitegemea kwamba katika miji ambayo hawangeiona kamwe, Nakuru ikiwemo, kutakuwa na mtu mwenye lenzi na subira. Saa niliyorithi ndani ya soksi ilikuwa nusu ya kitu. Nusu nyingine iko kwenye mikono ya mzee huyu, na ile haikuandikwa kwenye wosia wa mtu yeyote.

Fundi alibaki na saa siku tatu zaidi, akaijaribu ikiwa imelala chali, imelala kifudifudi na imesimama kwa ubavu, kwa sababu saa moja inaweza kwenda sawa ikiwa mezani na kuchelewa ikiwa mkononi. Alikisogeza kile kiwiko mara mbili. Alipotosheka ilikuwa ikitangulia sekunde 18 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Aliona aibu kidogo kuhusu hizo 18, na mimi nilishindwa kumweleza ninavyozihusudu.

Kuhusu uso, nilimuuliza juu ya yule mtu wa Nairobi wa rangi. Pale karibu na kifungo, kwenye saa tano, unyevu umeacha madoa mawili ya kutu, na mstari mmoja wa dakika umefutika. Akautazama muda mrefu.

"Ukipaka rangi utapata saa mpya isiyo nzuri," alisema. "Sasa hivi una saa ya zamani iliyo nzuri."

Tuliuacha. Kioo tulibadilisha kwa sababu kilikuwa na ufa unaopitisha vumbi, na mpira wa kifunikoni pia. Kioo cha zamani nilikiomba, ninacho. Mnyororo aliuosha kwa sabuni na mswaki, akatoa pingili mbili, maana mkono wa Guka ulikuwa mnene kuliko wangu. Pingili hizo nazo ninazo, kwenye kiboksi cha kiberiti. Wakati wa kufunga kifuniko alichukua sindano, akakiinamisha kwenye taa, akakwaruza chini ya ile ndoano ya 1995: 2/25, na alama yake, ambayo sitaieleza hapa. Jumla ya malipo ilikuwa shilingi 2,500. Nilimwongezea, akanirudishia.

Naivaa kila siku. Usiku nailaza kwenye kitabu, mbali na redio na mbali na simu.

Kama nyumbani kwenu kuna saa ya namna hii kwenye droo, usiifungue kwa kisu cha jikoni, usiitikise ili iamke, na usikubali itolewe mashine itiwe betri. Ipeleke kwa fundi ungali unaye wa kumpelekea, na ukiwa na mtoto mwenye mkono mwepesi, mpeleke pia akaketi kwenye ile stuli. Wa kwangu hufungua kibanda Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye tisa.